Mlio wa Chemchemi

Jirani yangu hapa Kyimo haoteshi miche kwenye viriba vya plastiki. Huitengenezea vikopo kwa maganda ya mgomba, ndiyo maana vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu. Kila asubuhi hubeba ndoo ya maji ya bomba hadi bondeni, kumwagilia mikuyu aliyoipanda palipokuwa na chemchemi kabla ya mikaratusi kuikausha. Jana nilimkuta amepiga magoti, sikio limegusa udongo.

"Mama, hiyo mikuyu itachukua miaka kuirudisha chemchemi," nikamwambia.

"Najua, mwanangu. Nimeukumbuka tu mlio wake."

Akasogea kunipisha. Mimi mlio huo sikuwahi kuusikia, lakini nikapiga magoti.