Kisu Nilichombadilishia Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwunguza mzazi paja. Naanza na hilo kwa sababu vijana mnadhani sisi wazee tulizaliwa tunajua. Ilikuwa Kariakoo, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami nina madrasa ya miaka miwili basi, ndiyo maana maandishi yangu yanakwenda upande kama kaa. Mkuu wangu alikuwa bibi mkandaji aliyeheshimika kuanzia Gerezani mpaka Ilala. Sote tulimwita Fundi. Aliutazama ule wekundu pajani, akaniambia, "Binti Salum, tunakanda mzazi, hatuchemshi muhogo."

Kukanda, kwa msiojua, ni hivi. Mwanamke akishajifungua anaitwa mzazi, na siku arobaini hatoki nje. Mkandaji anakuja asubuhi, anachemsha debe la maji na majani ya mwarobaini, anachovya kitambaa, anakamua, anambandika tumboni, kiunoni na mapajani mpaka mwili urudi. Kisha anamfunga mkaja, kitambaa kirefu cha kuzungusha tumbo, anakaza kweli. Maji yenyewe yalikuwa na vita vyake pale bombani, wanawake tulitukanana matusi ambayo siku hizi hamyajui, lakini tuyaache ya bombani. La mwisho, kabla ya kuondoka, mkandaji anatia kisu chini ya mto wa mtoto. Chuma kinafukuza mashetani yanayopenda kubadili watoto wachanga. Mpaka arobaini iishe mtoto halali bila chuma, na sikuwahi kumsikia mtu akihoji.

Mwaka wangu wa tatu Fundi alivimba miguu, akanituma peke yangu nyumba moja ya Mtaa wa Swahili. Mzazi aliitwa Tatu, uzazi wa kwanza, mtoto wa kike. Mumewe alikuwa hamali sokoni, akitoka alfajiri harudi mpaka jioni. Aliyetawala nyumba ni mama mkwe wake, Bi Kibibi. Akiita mtu uani, sokoni wanageuka.

Siku tatu za kwanza Tatu alikuwa mzima. Ya nne akaacha kula. Ya tano nikamkuta ameketi juu ya viganja vyake, kama vitamkimbia. Mtoto akilia, Tatu hamgusi mpaka awepo mtu mwingine chumbani.

"Tatu, maziwa yanakuuma?"

"Hapana."

"Umeota vibaya?"

Akageuza macho kwenye mto wa mtoto.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikajisemea, huyu kaingiwa na jini, kisu hiki kidogo kimeshindwa. Nikachukua kikubwa cha nyumbani kwetu, cha kuchinjia, nikakinolesha nyuma ya soko mpaka kikang'aa. Siku ya nane nikamwonyesha. "Haya mwanangu, kwa hiki hakisogei kitu." Alikitazama, akatapika. Nikafurahi, nikakitia chini ya mto wa mtoto. Nikasema, mnaona, jini linakiogopa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nasikia kelele tangu barazani. Mtoto analia juu ya mkeka ukumbini, mlango wa chumba umefungwa kwa ndani.

"Amemtupa mtoto!" Bi Kibibi anapiga makofi. "Amemtupa kama ganda la ndizi! Mjukuu wangu anakwenda Kisarawe kwa dada yangu, basi la saa nane. Na huyu aende hospitali ya serikali, wamfungie na vichaa wenzake!"

Mpangaji mmoja akauliza, "Huko Kisarawe atanyonya nini?"

"Mbuzi wapo!"

Mtoto wa siku tisa kwa maziwa ya mbuzi. Wa namna hiyo tulishawazika. Nikamwambia Bi Kibibi aniache nimkande mzazi kwanza, hata mwenda wazimu hukandwa.

"Mkande upesi. Basi halimngoji mkandaji."

Tatu alinifungulia mimi tu, akarudisha komeo. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Nilikanda bila neno, maana Fundi alinifundisha kwamba mkandaji ana mikono, hana mdomo. Kitambaa cha tatu au cha nne, yeye ndiye aliyesema.

"Kiondoe."

"Nini?"

"Kisu. Nikimtazama mtoto nakiona kimeshaingia. Mkono sijaunyanyua, Binti Salum, wallahi sijaunyanyua. Lakini nakiona. Nikifumba macho nakiona. Kile kidogo nilikivumilia. Ukaniletea hiki."

"Ndiyo maana umemtoa nje?"

"Awe mbali nami. Huko nje kuna watu."

Kitambaa kikanipoa mkononi. Katika nyumba nzima, aliyekuwa akimlinda yule mtoto ni mama yake.

Nikakifunga kisu kwenye khanga, nikatoka nacho. Bi Kibibi akapiga yowe kwamba nawaachia mashetani mjukuu wake. Nilikimbia mpaka kwa Fundi, Mtaa wa Narung'ombe.

"Shikamoo, Fundi."

Kabla ya marahaba alikuwa ameshaona umbo lililo ndani ya khanga. Nikamweleza yote.

"Ulimbadilishia kikubwa?"

"Ndiyo."

"Mbona hukumpelekea na panga?"

Kisha akaomba bega langu. Tulitembea na miguu ile iliyovimba, jua la saa saba utosini, kila anaposimama kupumua mimi nalifikiria basi.

Tulimkuta Bi Kibibi keshamfunga mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Fundi akaketi kizingitini, akainyoosha miguu yake ikaziba mlango wote. Na kumruka mtu mzima, kwetu, ni kumtukana.

"Niruke, Bi Kibibi. Haya, niruke."

"Nipishe, bibi we! Mtoto akae na mwehu, tena bila chuma?"

"Chuma ni mlinzi. Mlinzi akiondoka, anashika zamu mwingine. Binti Salum atakaa humo chumbani mpaka arobaini. Akitoka hata kufuata vitumbua, nitamkanda mimi, na maji nitayachemsha mwenyewe."

Wapangaji wakacheka. Bi Kibibi hakucheka. Alisimama pale mpaka saa nane ikapita, ndipo akamfungua mtoto mgongoni.

Nilikaa siku thelathini na moja. Mwanzo nilimweka mtoto mikononi mwa Tatu, mikono yangu chini ya yake. Kila alichokiona kichwani alinieleza, nami namwambia, "Sawa, umekiona, na mtoto huyu hapa ananyonya." Dawa nyingine sikuwa nayo. Siku nyingine vilizidi, siku nyingi vilipungua. Siku ya arobaini akasema, "Leo namwogesha mwenyewe. Toka nje."

Nilisimama nyuma ya mlango, kiganja kwenye ubao. Kila maji yakimwagika nasogeza sikio. Kisha nikamsikia anamkaripia, "Tulia we mtoto, sabuni itakuingia machoni!" Nikaondoa kiganja.

Baadaye niliomba kazi kliniki ya akina mama. Sista aliyeisimamia akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema kidogo. "Basi unajua nini?" Nikasema najua kumuuliza mzazi anaogopa nini. Akanipa ndoo ya kupigia deki. Lakini wazazi waliokalia viganja vyao walipoanza kufika, akawa anatuma niitwe, na ndoo naiacha.

Nilistaafu vidole vilipokataa kukunjika. Siku hizi wapo wauguzi na washauri waliosomea mambo haya. Wapelekeni wazazi wenu mapema, msingoje mpaka mtoto alazwe mkekani ukumbini.

Mimi ninayemfikiria sana si Tatu. Kabla yake, kule Gerezani, kulikuwa na mzazi aliyegeukia ukutani kila tulipoingia. Tulimkanda, tukatia kisu, tukaondoka, siku zote arobaini. Tulisema ana haya. Jina lake silikumbuki.