Kijiko Alichokatazwa Kyakimwa

Anne-Marie, mke wa Maliro, alisema uongo mbele ya askari, na kwa uongo huo Kyakimwa akaitwa mlozi, mtu wa kulisha wenzake sumu, katika mji uleule wa Butembo, mashariki mwa Kongo, alikoolewa na alikomzika mumewe. Hilo ndilo kosa. Mengine yote yalikuja nyuma yake.

Kyakimwa hakusoma. Alizaliwa Vuhovi kwa wakulima, akajua jembe na chungu. Alipofiwa alikwenda kupika kwa Maliro, mfanyabiashara wa kahawa, akiwa na binti yake mmoja, Rébecca. Maliro alikuwa mnene, tena mwenye tension, yaani shinikizo la damu, na daktari alikuwa amemkataza mayonezi ya kopo, mafuta na chumvi nyingi.

"Docteur anataka nikufe sawa mbuzi," Maliro alilalamika, "mudomo imejaa majani!"

Kyakimwa akamhurumia, akamtafutia njia ya kuyameza hayo majani. Alichukua kasiksi, pombe ya ndizi, akaiacha kwenye mtungi uliofunikwa kitambaa mpaka ikachachuka na kuwa siki ya kuuma pua. Mahali pa mafuta alitia avoka laini, yaani parachichi, akaiponda kwa mwiko hadi ikawa kama uji mzito. Akatwanga kitunguu saumu, akakamua ndimu, akaongeza asali kidogo ya kwao ili ukali usimkabe mtu kooni. Hakupima kwa kikombe. Aliinamisha bakuli akatazama sosi inavyotembea ukingoni: ikikimbia, siki imezidi, ikigoma, avoka imezidi. Anne-Marie aliiita vinegreti na kuwaambia wageni kwamba ni mambo ya Ulaya. Maliro alikula saladi mpaka akawa anapangusa bakuli kwa mkate.

Na kila mara, kabla mtu hajagusa chakula, Kyakimwa alitoka jikoni na kijiko chake, akachota, akameza mbele ya wote, kisha akasema, "Mukaribie." Ndivyo alivyolelewa. Kwao, anayekupa cha kunywa au cha kula huanza yeye. Asipoanza, ameacha swali juu ya meza.

Miaka ile maswali ya namna hiyo yalikuwa mazito. Waasi walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe, na barabara ya Beni ilikuwa na vizuizi vya kila kundi. Mtu alilala mzima akaamka maiti, na kila kifo kilitafutiwa mkono uliokileta. Watu waliacha kunywea glasi moja hata na ndugu zao.

Ndipo Maliro akamwalika komanda mmoja, aliyeshika kizuizi ambako malori ya kahawa yalipita. Angekuja Jumapili, baada ya misa.

Asubuhi hiyo Anne-Marie aliingia jikoni akiwa amevaa kitenge kipya. Alikuta Kyakimwa ameweka sosi yote katika bakuli moja kubwa, kama kawaida.

"Mama Rébecca, leo hapana vile. Komanda tumuwekee yake pembeni, mu ile bakuli ya kioo. Ni mugeni mukubwa."

"Mama, bakuli ni moja kwa bote. Ndiyo salama."

"Na ile kijiko yako, leo ibakie huku. Utatoka na tablier yako ya kupikia, unalamba-lamba mbele ya batu? Ule mutu amekula mu bahoteli za Kampala. Usitutie haya."

"Lakini mama, nisipoonja, atawaza nini?"

"Atawaza tuko bastaarabu. Baki jikoni."

Maliro alikuwa amesimama mlangoni akifunga vifungo vya shati. Aliyasikia yote. Alimtazama Kyakimwa, akamtazama mkewe, akaenda zake sebuleni.

Komanda alipofika, mbwa wa jirani waliacha kubweka. Walinzi wake waliketi kwa mstari ukutani, karibu na dirisha la jiko, bunduki mapajani. Mmoja wao, macho mekundu, alimwita Kyakimwa.

"Mama mupishi, unatupikia nini?"

"Ya kwenu ni maharagi. Saladi ni ya bakubwa."

"Majani? Kumbe tunalinda sungura!" Wenzake wakacheka. Kyakimwa alisimama nyuma ya pazia la mlango, kijiko mkononi. Alimwona komanda akilivuta bakuli la kioo, akilinusa, akiinua macho kama mtu anayengoja kitu. Hakuna aliyetoka kuonja. Anne-Marie akatabasamu, akamsogezea saladi. Komanda akala.

Kyakimwa alirudisha kijiko kwenye ndoo ya vyombo.

Kesho yake, jua likiwa limeanza kupanda, walinzi walirudi. Komanda alikuwa akitapika tangu usiku. Walimtoa Kyakimwa jikoni, wakampigisha magoti uani, Rébecca akipiga kelele. Yule wa macho mekundu ndiye aliyeuliza, na hakumuuliza Kyakimwa. Aliwauliza wenye nyumba, Maliro na mkewe.

"Bakuli ya shefu wetu, komanda, ilikuwa yake peke. Na mupishi hakuonja. Nani alimukataza?"

Kyakimwa aliinua kichwa. Neno moja tu lilitosha kutoka kinywani mwa Anne-Marie: mimi. Labda wangempiga kofi. Labda Maliro angetoa mfuko wa kahawa, na mambo yangeisha.

Anne-Marie alitazama bunduki. "Ni yeye mwenyewe," akasema. "Nilimwita atoke aonje. Akakatala."

"Mama!" Kyakimwa akalia. "Baba Maliro, weye ulisikia! Sema!"

Maliro akageuka, akaingia ndani.

Walimfungia ndani ya kontena la chuma nyuma ya kambi, mahali pa baridi kali na harufu ya damu ya zamani. Komanda alipona. Askari wake wenyewe walikuja kunong'ona kwamba usiku ule alikuwa amekunywa lotoko mbaya, ile pombe kali ya kienyeji, na kula nyama iliyolala. Kyakimwa akafunguliwa mlango, lakini hakuna aliyetamka kwamba hana kosa. Sokoni wanawake walimpisha njia. "Mama Vinegreti," mmoja alimwita kwa nyuma, "leo unamaliza nani?" Familia ya Timothée, kijana aliyemchumbia Rébecca, ilituma mjomba mmoja tu kuja kusema kwamba hawaoi katika nyumba ya sumu.

Mama na binti wakahamia Beni, kwenye komini ya Ruwenzori, upande mmoja wa mji huo. Kyakimwa akauza sabuni, kwa kuwa habari ilikuwa imefika kabla yake na chakula chake hakuna ambaye angekinunua.

Huko ndiko Anne-Marie alikomkuta, vita vikiwa bado havijaisha. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Rébecca, Maliro ni mugonjwa sana. Tension imepanda. Hakuna kitu anakubali, anaomba tu ile sosi yako. Nimejaribu, haikamate, inabakia maji. Unionyeshe."

Kyakimwa akainuka, akaleta siki, avoka, kitunguu saumu. Alimwonyesha yote pasipo kuficha hata ndimu, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa. Alipomaliza, alichota kwa kijiko, akameza, akachota tena, akamnyooshea.

"Onja, mama. Ujue ukali yake."

Anne-Marie alikitazama kijiko. Mkono wake uliinuka, ukarudi.

"Nitaonja ku nyumba," akasema.

Hapo Kyakimwa akaelewa jambo baya kuliko lile kontena: yule mwanamke alikuwa ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe.

"Utasema lini ukweli?"

"Baaskari bangali kule, mama. Basi tungojee kwanza." Akafunga chupa ndani ya kitenge, akaondoka haraka.

Askari wale walikwisha kuhama Butembo. Anne-Marie hajasema. Anadaiwa maneno machache: kwamba yeye ndiye aliyetenga bakuli, na yeye ndiye aliyekataza kuonja. Anadaiwa kuyasema kwa sauti, katika parokia yake, baada ya matangazo ya Jumapili, wanawake wa soko wakisikia na familia ya Timothée ikisikia. Na Maliro, kama angali na pumzi, anadaiwa kusimama kando yake na kusema: ndiyo, nilikuwa mlangoni.