Mgonjwa wa Ijumaa

Daktari wa Mombasa aliutaja ugonjwa wa Darmi kwa jina refu kuliko barabara ya Garsen, kisha akalifupisha: neva zinavuliwa ganda, kama waya unaotafunwa na panya. Mumewe Halake alirudi nyumbani na dawa, na habari ya panya. Miguu ya Darmi ilikuwa imekufa ganzi tangu kabla ya mafuriko ya El Nino. Akitembea ni kama anatumia ya jirani. Hilo alishalizoea. Alilokuwa hajalizoea ni kukosa usingizi.

Nesi Tamar, Mpokomo wa Kulesa, hakumwongezea vidonge. Alimuuliza mchana anashinda wapi. Kitandani. Wageni je? Kitandani pia, maana kwa Waorma nyumba ni kitanda kilichozungushiwa nyasi, na mgonjwa hutazamwa akiwa amelala. Wanawake walijipanga pembeni mwake mpaka magharibi, wakitafuna buni za kukaangwa kwa samli na kumwonea huruma kwa zamu, naye akitafuna nao.

"Mama, kitanda chako kimezoea baraza," Tamar akasema. "Mchana usikipande. Buni mwisho adhuhuri. Usiku usingizi ukikataa, ondoka, ukae kwingine mpaka uje wenyewe. Na alfajiri uamke, umelala hujalala."

Wiki za kwanza alisinzia juu ya kigoda kama kuku mwenye kideri. Kisha usingizi ukaja. Miguu haikubadilika, Tamar hakuwa ameahidi miguu.

Lakini wageni walikuta kitanda kitupu, na Darmi kwenye kigoda mlangoni. Wakampongeza kwa kupona, wakaondoka na buni zao, wasirudi. Mgonjwa gani anakaa wima? Darmi hakulia. Alitazama mbuzi, mbuzi wakamtazama.

Mwishowe wifi yake Adano akaja kumwita wakajenge nyumba ya jirani yao Bishara, kazi ya wanawake wazima. Darmi akamnyooshea miguu. Adano akaibonyeza, akaifinya kwa kucha. Darmi akatazama tu.

"Kumbe bado unaumwa," Adano akasema, karibu kwa furaha. "Sasa mbona hulali tukakuona?"

Darmi akakiangalia kitanda. Usingizi ndio huo alioupata, na watu ndio hao aliowapoteza.

"Nitaumwa Ijumaa," akasema. "Waambie."

Ijumaa baada ya swala wakapanda wote kitandani na buni zao, wakamhurumia vizuri mpaka magharibi. Usiku ule hakupata usingizi. Jumamosi alfajiri akaamka, kama alivyoagizwa, akaketi kwenye kigoda.