Wagonjwa wa Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa muuguzi mpya katika hospitali moja ya upande wa Temeke, mgonjwa niliyempokea aliletwa nyuma ya difenda ya polisi, mikono na miguu imefungwa kamba ya katani. Alikuwa mama wa makamo, muuza mihogo. Ndugu zake ndio waliomfunga, kisha wakaenda polisi kuomba gari, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa likichukua wagonjwa wa akili kama yeye. Pale mapokezi tuliwaita wagonjwa wa kamba, na walikuwa wengi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la dawa. Matroni, mkuu wa wauguzi wote pale, akanizuia mlangoni.

"Unakwenda wapi, Sista?"

"Kuchukua sindano ya kutuliza, Matroni."

"Umeshamuuliza jina?"

Sikuwa nimemuuliza. Tulimfungua taratibu, tukianza na miguu, Matroni akimweleza kila tunachotaka kufanya kabla hatujakifanya. Yule mama alilia kidogo, akaomba maji. Sindano alichomwa baadaye, mwenyewe akiwa amekubali. Kazi ya namna hiyo huitwa kutuliza kwa maneno: azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, na mgonjwa aachiwe nafasi ya kupita asijione amebanwa. Matroni hakusema ni kazi ngumu. Alisema inataka muda, na hospitali zina uchoyo wa muda.

Nilikaa Temeke miaka mingi, kisha nikahamishiwa kaskazini mwa jiji, kwenye kituo cha afya kilichohudumia Tegeta, Wazo na Boko. Huko kulikuwa kunajengwa kila upande, na jirani hamjui jirani. Kwa mgonjwa wa akili hiyo ni hatari. Mtaani anakojulikana, watu husema huyo ni mtoto wa fulani, mwacheni. Asikojulikana, akigonga geti na kusema yasiyoeleweka, anaitwa mwizi.

Ndivyo alivyokufa Emanueli, karani wa ghala, aliyekuwa akihudhuria kliniki yetu. Aliacha dawa, akaanza kupita nyumba hadi nyumba akimtafuta mama yake, ambaye alikwishafariki. Watu wakampiga mchana kweupe. Dada yake alikuwa ametupigia simu asubuhi ile, akaambiwa amlete. Hakukuwa na utaratibu wa kumfuata mgonjwa nyumbani. Aliletwa kweli, lakini alikuwa ameshakata roho.

Mganga Mfawidhi, daktari aliyeongoza kituo chetu cha afya, alimkagua, akavua glavu, akaenda kukaa benchi moja na yule dada.

"Kaka yako hakufa kwa ugonjwa," alimwambia. "Amekufa akitusubiri."

Haukupita muda, Mganga Mfawidhi akaita kikao na mkuu wa kituo cha polisi cha jirani, wenyeviti wa serikali za mitaa na sisi wauguzi. Mkuu wa kituo alisema vijana wake wamefunzwa kukamata, hawajui kubembeleza.

"Basi sie tutabembeleza, nyie mtulinde," Mganga akajibu.

Tukakubaliana hivi: mwenyekiti wa mtaa akipata habari, ampigie muuguzi wa zamu. Muuguzi atoke na askari kwa gari la polisi, bila king'ora. Askari waondoe watu, muuguzi azungumze. Wengine waliona ni maneno ya kikaoni tu.

Kisha tukaitwa Boko, nyumbani kwa Fundi Selemani, mchongaji wa vinyago, mwenyeji wa Newala. Alikuwa amejifungia chumbani na tezo lake, lile shoka dogo la kuchongea. Uani watu walikuwa wamejaa, baadhi wameshika fimbo. Zuhura, mkewe, alikuwa amesimama mbele ya mlango amenyoosha mikono, akiwazuia.

Mkuu wa kituo cha polisi alikuja mwenyewe. "Sista, akitoka na hicho chuma, vijana wangu hawatasubiri."

"Nimekuelewa, afande. Naomba uwatoe hawa watu kwanza."

Aliniangalia, akawatazama wenye fimbo, akaamuru watu watoke uani. Nikasogea dirishani, ubavuni, nisimzibie mwanga.

"Fundi, naitwa Sista Roza, natoka kituo cha afya. Unaendeleaje?"

"Mie silali. Vumbi la kiwanda cha saruji linanisema."

"Linasema nini?"

"Linasema nitauawa na majirani."

Kanuni yetu ni kwamba hubishani na mtu kuhusu anachokisikia, wala huungi mkono. Lakini siku hiyo majirani walikuwa kweli wamekuja na fimbo. "Vumbi mie silisikii," nikamwambia. "Ila watu niliwaona, na afande amewaondoa. Chungulia."

Alichungulia. Nilisimama pale mpaka miguu ikaanza kuniuma. Mkuu wa kituo aliangalia saa, akabaki pale alipo. Mwisho tezo lilipitishwa dirishani, mpini ukiwa umenielekea mimi. Zuhura ndiye aliyefungua mlango. Selemani alikubali kwenda kwa sharti la kukaa kiti cha mbele, na mkuu wa kituo akahamia nyuma na vijana wake.

Alilazwa, akapata nafuu, akarudi kuchonga. Haikuwa hivyo kwa wote. Wapo tuliowakuta tumechelewa, na wapo wakuu wa vituo vya polisi waliokuja baadaye wakaona huo ni upotezaji wa mafuta, ikabidi tuanze upya kuwaeleza. Utaratibu wetu ulitegemea watu kuukumbuka, na watu huhamishwa.

Nimestaafu, naishi Tegeta. Wauguzi wa magonjwa ya akili bado ni wachache na familia bado zinahangaika. Majuzi asubuhi nilikuwa nafagia, akaja kijana wa jirani, fundi wa kuchomelea mageti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Hakukaa. "Kichwa changu naona hakiko sawa. Silali, halafu nasikia watu wananisema, nikigeuka hakuna mtu."

"Umemwambia nani?"

"Ndo nimekuja kwako."

Niliweka ufagio, nikachukua mtandio, tukatembea wawili hadi kituo cha afya. Njiani tuliongea habari za kuchomelea. Watu tuliopishana nao walitusalimia tu.