Kiti cha Bibi na Jua la Iringa

Mimi nimeishia darasa la saba, na kumweleza mtu kwa maandishi si kazi yangu. Lakini yule mwanamke nikiendelea kumweka kichwani tu, naona nitamwongezea yasiyo yake. Afadhali niandike.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake nje kidogo ya Iringa, njia ya Tosamaganga. Nilitoka Mbeya, Ilomba, ambako nauza vipuri vya pikipiki na kuishi peke yangu. Ulikuwa mwezi wa sita. Chini ya turubai baridi ilituchoma, watu wakaanza kuburuta viti kulifuata jua.

Yule mwanamke alikuja na bibi yake. Kila jua liliposogea, aliinuka akamhamisha bibi na kiti chake, halafu akasimama kidogo, kiganja juu ya macho, akiangalia mwanga kama mtu anayetafuta pa kuanika mahindi. Sisemi alikuwa mzuri kuliko wote. Binti wa kipaimara alikuwa mzuri zaidi, na wapiga picha walikuwa na haki ya kumzunguka. Huyu alikuwa mrefu, mweusi, bega moja limeshuka. Ila akisimama vile, nilisahau soda mkononi.

"Funga mdomo, baba. Nzi wa huku hawana adabu," shangazi aliniambia.

"Namwangalia bibi."

"Bibi ana meno mawili. Mjukuu wake ni mjane, wametoka Kilolo, wamefikia kwa jirani. Nenda ukakae pale kabla hujazeeka zaidi."

Nimepita arobaini na sijaoa. Hakuna aliyenizuia; ni mimi tu, neno huwa linanijia watu wakishaondoka. Siku ile nilijiambia kwamba leo nitalisema.

Chakula kilipogawiwa nilikaa karibu nao. Nikamwona anachambua rosti ya mbuzi, kipande cha figo akakitenga ukingoni mwa sahani. Na changu kilikuwa ukingoni vilevile. Nikafurahi kama mtoto. Nimepata pa kuanzia.

"Hata mimi figo sili, dada," nilisema. "Ni mzilo wa kwetu."

Mzilo ni kile ambacho ukoo hauli. Baba alitufundisha kukiacha, basi, halafu akafa mapema. Nimelelewa Mbeya kwa wajomba zangu Wanyakyusa, na hayo mengine ya Wahehe, kabila la baba, sikupata wa kuniambia.

Aliweka kijiko chini. "Ninyi ukoo gani?"

Nikautaja. Bibi, ambaye nilidhani hasikii, akanishika mkono.

"Kumbe wa kwetu."

"Shikamoo, kaka," yule mwanamke akasema, akacheka kwa furaha ya kweli. Hilo siwezi kumnyima. Alikuwa amepata ndugu.

Nilikwenda kwa shangazi kuuliza. Akanieleza: ukoo mmoja, mzilo mmoja, huyo ni dada yako, haolewi na wewe.

"Ungekula tu hicho kipande ukanyamaza," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Ingekuja kujulikana siku ya mahari, tungeficha wapi nyuso."

Kote alikuwa sahihi.

Sisemi nilikataliwa, maana yule mwanamke hakuombwa kitu. Pengine hata tungekuwa koo tofauti asingenitaka, mtu wa mikono ya grisi. Hilo sasa sitalijua, na sioni litakalokuja badala yake.

Alinipungia mkono. Kivuli kilikuwa kimefika miguuni kwa bibi.

"Kaka, njoo ushike upande huo."

Tukambeba bibi na kiti chake mpaka ukutani, kwenye mwanga wa mwisho. Akasimama, kiganja juu ya macho, akaangalia. Nilikuwa upande wa pili wa kiti. Halafu jua likashuka nyuma ya nyumba, na hapakuwa na pa kumhamishia tena.