Kwenu ni Wapi?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najivunia kwamba Ma Paulina alikuwa shangazi yangu. Nilikuwa kijana, nimepanga foleni nje ya kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Bukoba, natafuta kazi ya kubeba magunia. Shangazi naye alikuwa ameleta kahawa yake kutoka Rubafu, kakaa juu ya gunia akisubiri kupimiwa.

Msimamizi hakujali nani ana nguvu. Alimuuliza kila mtu, "Kwenu ni wapi? Kibanja chenu kiko kijiji gani?" Si unatujua sisi Wahaya. Mtu asiye na kibanja, yaani migomba, mibuni na makaburi ya babu zake, hatumhesabu. Mimi nilitaja Rubafu nikapita, na wembamba wangu huu huu.

Nyuma yangu alikuwa Deo, kijana wa kifua kipana. Baba yake aliuza kibanja huko Muleba ili amtibu mkewe, na mke akafa vilevile. Tangu afukuzwe chumba cha kupanga Hamugembe, Deo alikuwa analala kwenye baraza za maduka. Alijibu ukweli kwamba hana kwao.

"Sasa ukiiba tutakutafuta wapi?" msimamizi akasema. "Haya, mwingine."

Hebu fikiria. Hapati kazi kwa kuwa hana pa kukaa, na hana pa kukaa kwa kuwa hapati kazi. Sasa aanzie wapi? Na bado kwenye foleni kuna waliomwita mvivu, tena watu wa kanisani.

Shangazi akainuka polepole, akajifunga kanga vizuri. Akatoa ile kahawa ya kutafuna ambayo kwetu hupewa mgeni akikaribishwa nyumbani, akamwekea Deo kiganjani mbele ya watu wote.

"Andika Rubafu," akamwambia msimamizi. "Akipotea, njoo kwangu."

"Ma, kwani unamjua?"

"Nimeshamjua."

Deo akaandikwa. Kila mwisho wa juma alikuja Rubafu kukata nyasi na kutandaza kwenye migomba ya shangazi, mpaka akajenga kwake. Baba yangu alinung'unika miaka mingi, eti dada yake kaokota mtu barabarani.

Tulipomzika shangazi, wana wa nyumba wakaitwa kutia udongo. Deo alibaki kule nyuma na majirani, macho chini. Ni baba, yule yule mnung'unikaji, aliyemfuata na chepe mkononi. "Njoo," alimwambia. "Kwenu ni hapa." Nililia, sikufichi.

Leo wewe ndiye unayeajiri watu, mwanangu. Usimpime mtu kwa mahali alipolala jana. Kabla hujamwita maskini mvivu, uliza ni mlango gani umefungwa mbele yake, na kama jina lako linaweza kuufungua, mpe jina lako. Shangazi hakuwa na kingine cha kutoa, na kilitosha.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtu mwingine, akiulizwa kwao ni wapi, ataitaja bila woga.