Mrija wa Hewa Safi

Kwenye kiwanda cha vigae alijiita Daktari wa Hewa, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, akajiamini. Kazi yake ilikuwa kutunza kipima gesi cha ukumbi wa tanuri. Ndani ya chombo hicho mna kidonge cha kauri kinachopashwa moto mpaka kiwe chekundu. Upande mmoja kinapokea hewa safi kwa mrija kutoka nje, upande wa pili hewa ya ukumbini. Hewa hizo zikitofautiana, kidonge kinazaa umeme kidogo na namba inapanda.

Mkewe alipanga vigae mbele ya tanuri hilohilo, na wiki ya tatu sasa alikuwa akikohoa.

"Baba watoto, hii gesi itanimaliza."

"Nimepima mwenyewe, mama watoto. Sifuri! Labda vumbi la nyumbani."

"La nyumbani nalifagia kila siku. Unalijua wewe?"

Hakulijua. Akasonya, mtaalamu mzima kubishana na kikohozi.

Siku moja mke akaegemea ukuta, pumzi imembana, chini ya kipima chenyewe. Na Daktari wetu, badala ya kumshika, akatazama kwanza namba. Sifuri. Macho yake mwenyewe yalikuwa yakimwasha mpaka machozi, lakini bado alisimama pale anasoma, kama bwege.

Ndipo akaushuku mrija wa hewa safi. Akaufuata kwa kidole, akaukuta umeishia nyuma ya kabati, humohumo ukumbini. Nani kauingiza? Yeye! Msimu wa mvua mrija ulikuwa ukivujisha maji, akauvuta ndani, akauviringa vizuri, akaufunga kamba, hata akawaita wenzake waje waone usafi wa kazi. Tangu hapo pande zote mbili za kidonge zilivuta uchafu uleule, na kidonge, maskini, hakikuona tofauti ya kuripoti.

Alizima tanuri, akamshikilia mkewe wakatoka hadi uani, akawaeleza wafanyakazi wote bila kujikosha. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa ya zege.

"Nitapona," mkewe alisema, akihema. "Ila ungeniamini mimi kwanza."

Jioni alijaza fomu ya hitilafu. Penye swali la chombo gani kimegundua gesi, kalamu ilisita, kisha akaandika: Mapafu ya mke wangu. Yalitoa taarifa wiki tatu mfululizo. Fundi, yaani mimi, hakuisoma.